Gitaa la Nyuzi Nne

Umoja, Nairobi,
14 Oktoba 1984.

Mpendwa kaka Javan,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko Mbale? Wifi na mtoto wanaendeleaje, na kile kikohozi chako kimekwisha? Sisi ni wazima, ila mama analalamikia magoti tangu mvua ianze.

Barua yako ilifika. Nimesoma kwamba kwaya yenu imekosa mpiga gitaa, na unalitaka gitaa lako kabla ya mwisho wa mwezi. Ni lako, sina la kubishana. Lakini acha nikueleze limekuwa likifanya kazi gani, maana sikukwambia.

Tumeunda bendi. Usicheke! Ni mimi, Kitonga wa kiwanda cha rangi, na Mbuthia ambaye huimba. Tunapiga roki ya kutunga wenyewe, si kuiga nyimbo za redioni. Hatuna tajiri wa kutushika mkono. Kitonga anapiga mikebe mitupu ya rangi, mimi nimeunganisha gitaa na redio kuukuu ya baba iwe kama spika, na mazoezi tunayafanyia katika kile chumba cha nyuma.

Nyuzi mbili nyembamba zilikatika wiki ya kwanza. Nikawa napiga zile nne nene huku nikingoja kupata nyingine, na kungoja kukawa mazoea. Sauti ikawa nzito, inakoroma, vikombe vinatetemeka kabatini. Nyimbo zetu zote saba zimezaliwa hapo. Mama Adoyo wa jirani alikuja mlangoni akauliza, "Nyinyi, hiyo ni wimbo ama mnabomoa nyumba?" Jumamosi iliyofuata alikuja na kiti chake akaketi.

Sasa nikiri kosa. Tarehe ishirini na saba tunapiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Niliposoma barua yako, nilikuandikia kwamba gitaa limevunjika. Nilifika hata kubandika stempu. Kisha nikakumbuka ni nani aliyenifundisha kulishika, nikaona haya, nikaichana ile barua ya uongo.

Jana nilinunua nyuzi mbili mpya, zikawa sita. Nikapiga, ikatoka sauti yako, ile ya Jumapili ulipokuwa bado nyumbani. Nililia, kaka, kwa kukukumbuka wewe na kwa uchungu wa kuipoteza yetu. Kitonga anasema mikebe itatosha siku hiyo. Mimi sidhani, lakini tutapanda jukwaani hivyo hivyo.

Jirani yetu Masinde anasafiri kuja huko Alhamisi, na simjui mwingine atakayekuja kabla ya mwezi kuisha, kwa hiyo yeye atakuletea gitaa. Msalimie wifi, na shangazi Phelister umwambie sijasahau kitambaa chake. Mungu awalinde nyumbani na shambani.

Ombi langu ni moja tu. Siku moja kwaya ikishatawanyika, zilegeze zile nyuzi mbili nyembamba, uliunganishe gitaa na redio, upige zile nne kwa nguvu. Hapo utatusikia.

Dada yako akupendaye,
Kageha