Tindikali ya Maganda ya Viazi

Jumatatu, 10 Juni 2024
Imeamuliwa! Chuo kimenisimamisha mwaka mzima kwa kuongoza mgomo wa maji mabwenini. Mama anataka nisaini barua ya radhi nirudi darasani. Sisaini! Badala yake nimempa changamoto. Mzee Abdulhalim, fundi ngozi wa mtaa wa pili, ambaye viatu vyake huvaliwa hadi machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, hulainisha ngozi kwa chokaa ili manyoya yatoke. Kisha huiondoa chokaa hiyo kwa tindikali kutoka ng'ambo. Ng'ambo! Nitaitengeneza hapa uani, Shinyanga, kwa maganda ya viazi vitamu ambayo Mama huwatupia mbuzi akikata michembe, vile vipande vya viazi vya kukausha. Ikifaulu, barua inachanwa. Ikishindwa, nasaini. Mama amecheka mpaka amekaa chini. Amekubali.

Jumanne, 11 Juni
Maganda yamechemshwa, yamepondwa, yamechanganywa na kimea cha mtama. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo chakula cha wafanyakazi wangu — bakteria wa maziwa mgando, kikombe kimoja ndani ya pipa zima. Nimepanda benchi nikawahutubia: enyi mabilioni msiotambuliwa, mnaofanya kazi pasipo mshahara wala likizo! Nilipogeuka, Mama yupo mlangoni. Amesema nikisimamishwa na pipa pia, yeye hana pengine pa kunipeleka.

Alhamisi, 13 Juni
Povu! Harufu imevuka ua. Saa nne asubuhi akabisha Baba Fredy, jirani yetu, kikombe mkononi. Kimea, pipa, povu — mwenzangu amekwisha hitimisha kuwa ni pombe.
"Komredi, mapinduzi yameiva?"
Harufu ile, hata mimi ilinitia shaka. Kama ni pombe kweli, hamira ya hewani imewashinda bakteria wangu, nami nimekwisha. Nikamchotea. Akapiga funda moja. Jicho moja likajifumba lenyewe.
"Wewe Mageni! Unataka kuning'oa meno?"
Uchachu! Uchachu mtupu, ulevi hakuna hata chembe! Nilimkumbatia mzee wa watu. Karatasi ya kupimia tindikali nayo imekuwa nyekundu mara moja. Baba Fredy anatangaza mtaani kwamba msomi hajui kupika pombe. Atangaze! Ni ushahidi wa kisayansi!

Ijumaa, 14 Juni
Baada ya swala nimempelekea Mzee Abdulhalim ndoo mbili, zimechujwa vizuri. Shikamoo, marahaba. Amenusa, akasema hotuba zangu amezisikia za kutosha, sasa ataisikiliza ngozi. Tindikali yake imekwisha, na Idi ni Jumatatu: ngozi zitammiminikia. Kesho atajaribu moja ya mbuzi. Moja tu!

Jumamosi, 15 Juni
Naandika karakanani kwa Mzee, nimeketi juu ya ndoo. Ngozi imo ndani ya maji yangu tangu asubuhi. Mama amefika na barua, imekunjwa vizuri, haina saini.

Mzee amekata kipande shingoni, penye unene, akadondoshea dawa yake: palipo na chokaa hugeuka waridi. Juu, peupe! Chini, peupe! Katikati — mstari wa waridi, mwembamba kama uzi.

Tindikali haijafika ndani, kasema Mzee. Hana nafasi ya kungoja, akashika ngozi aitoe. Nikafungua kinywa nianze hotuba. Mama akaniwahi.

"Usiitoe, Mzee," Mama akasema. "Maji yamelala haya. Kitu kisichokorogwa kitaingiaje ndani?"

Mama! Ambaye kwa uzi ule wa waridi angenirudisha chuoni leo hii! Barua kaiweka dirishani, kapandisha mikono ya gauni, kautwaa mti wa kukorogea. Nikataka kumpokea. "Kaa," kaniambia, "wewe umeshasema sana."

Nusu saa sasa. Jasho linamdondoka kidevuni. Upepo umeiangusha barua sakafuni penye majimaji. Nimeiona, naye ameiona. Mzee anainua kisu akate kipande cha pili. Mama hajaacha kukoroga —