Kilichomchoma Mama Kooni

Makongeni,
Homa Bay.
14 Septemba 2024

Mpendwa ndugu yangu Werema,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili. Vipi joto la huko Doha? Vipi mgongo, bado unauma ukisimama langoni zamu nzima? Na unakula chakula cha kupikwa, au bado unaishi kwa mkate na soda? Sisi huku tuko salama. Shemeji yako Jeff ni mzima, watoto wazima, na cherehani yangu hailali, maana shule zimefunguliwa majuzi na kila mzazi anataka yunifomu ya jana.

Barua hii nimempa Caleb, yule kijana wa jirani yetu Ombati, anasafiri kuja huko Alhamisi. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwa simu unanikatiza, Werema. Tangu utotoni hujawahi kunisikiliza hadi mwisho. Karatasi huwezi kuikatiza, kwa hivyo keti chini usome yote.

Kwanza Mama. Mama anaendelea vizuri. Jana alikula ugali kwa mrenda, akaomba aongezewe. Nimelitanguliza hilo usije ukasoma haya mengine huku moyo unakwenda mbio.

Sasa nirudi nyuma. Unajua mwishoni mwa Julai alianguka jioni akienda choo, akachanika mguu kwenye yale mawe. Kidonda kikafanya usaha, akapewa kapsuli za kumeza asubuhi na jioni. Siku ya tisa aliamka akishika kifua. Maji hayapiti bila kuuma, uji haupiti, hata mate yake mwenyewe alikuwa akiyatema kwenye kikombe. Kliniki ya pale senta hawakumuuliza mengi. Wakampa dawa ya vidonda vya tumbo, na kwa kuwa mguu haujafunga wakamwongezea kapsuli zile zile.

Na kwa bahati mbaya, alasiri ya siku iliyotangulia Mama alikuwa amekunywa uji wa wimbi kwa mama mdogo Boke. Basi, kwisha. Baba mdogo Maroa hakuhitaji lingine. Ati mke mwenzake amemlisha kitu. Ati tangu mzee wetu afe Boke anataka shamba la upande wa mto. Akaleta kwanza yule mtu wa kukata kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, na kisu chake kwenye kitambaa. Huyo nilimfukuza mwenyewe, tena nilimsindikiza hadi barabarani asije akarudi.

Halafu kikao. Wazee wakasema Boke ale kiapo ama arudi kwao Ntimaru, na wakampa hadi Jumapili iliyopita. Boke akasema kiapo atakula, lakini alikuwa akimtafuta mwanawe Mniko kwa macho, kwa sababu unajua kiapo chetu hakimwangalii aliyekula peke yake. Kinaangalia na watoto. Mniko yuko kidato cha nne, mtihani ni Novemba, na yeye alikuwa amesimama pale pale akisikia.

Wewe ukapiga simu wakati huo huo. Baba mdogo akaiweka spika katikati ya uwanja. Sitarudia ulichosema juu ya Boke, unakijua. Nitakwambia tu kwamba watu kama thelathini walikisikia, na Boke alikuwa mmoja wao.

Mimi nilijiambia: kabla mtu hajafukuzwa, lazima tujue kilichomchoma Mama ni nini. Sio kudhani. Kujua. Kesho yake nikamvisha sweta, nikatafuta gari la kutuleta Homa Bay. Baba mdogo akasema mambo kama haya hospitali hawayaoni. Nikamjibu kwa heshima kwamba sikuja kuomba ruhusa.

Werema, nimekuwa mgonjwa mara nyingi lakini sijawahi kuona mtu akiulizwa namna ile. Daktari anaitwa Millicent, mwanamke mfupi, hana haraka hata kidogo. Alimwuliza Mama maumivu yalianza ghafla au polepole. Yanauma wakati wa kumeza au baadaye? Chakula kinakwama wapi? Onyesha kwa kidole. Mama akaweka kidole katikati ya kifua. Umetapika damu? Una kiungulia cha siku nyingi? Umepungua kilo? Akamwambia afungue kinywa, akamulika tochi kila pembe, akitafuta utando mweupe. Akaomba apime virusi pia. Mimi niliona aibu kwa niaba ya Mama, lakini Mama akanyoosha mkono mwenyewe, akasema, chukua damu mwanangu, mimi nataka kula. Ikaonekana hana virusi. Daktari alisema utando ule ukiwa kooni, au virusi, vinaweza kuvimbisha umio, yaani ule mrija wa kuteremshia chakula. Asidi ya tumbo nayo inaweza. Na dawa pia zinaweza. Ndiyo sababu anauliza kabla ya kutibu.

Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameliuliza. Hizi kapsuli, nyanya, unazimezaje?

Mama akamwonyesha. Akajifanya ameitia mdomoni, akarudisha kichwa nyuma, akameza kwa mate, halafu, bila hata kuambiwa, akajilaza kwenye kile kitanda cha daktari. Daktari akauliza, na maji? Mama akasema, maji ya jioni Phanice alinikataza.

Haki ya Mungu, ndugu yangu, nilitamani sakafu inimeze.

Maana ni kweli. Alipoanguka, mimi ndiye niliyemwambia jua likizama asinywe maji tena, ndio asiamke kutoka nje gizani kwenda choo. Nilijiona mwerevu. Hata nilimwekea jagi mbali na kitanda. Na Mama kwa utiifu wake, kila jioni alimeza kapsuli kavu akalala. Zile kapsuli zilikuwa zinanasa njiani na kuyeyukia hapo hapo, zikila nyama usiku kucha.

Daktari hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba hilo ni wazo lake, na wazo halitoshi, lazima aangalie. Kesho yake asubuhi, kabla Mama hajatia kitu tumboni, walimteremshia mrija mwembamba wenye kamera. Nesi alimshika mkono muda wote akimwita dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, akimwambia apumue kwa pua. Mama alilia machozi lakini hakuutoa mkono.

Nilionyeshwa picha. Ni vidonda viwili katikati ya umio, kimoja upande huu na kingine upande wa pili, vinatazamana, kingo zake nyekundu. Juu yake nyama safi, chini yake nyama safi, na mdomo hauna kitu. Nikamwuliza daktari waziwazi, je, ni sumu? Akasema yeye hawezi kuapa juu ya kila kitu ambacho mtu amekula maishani, lakini kitu cha kuunguza kilichochanganywa kwenye uji kingepita kikichoma mdomo na koo na kuendelea. Hakingechagua sehemu moja. Vidonda vya namna hii vinafanywa na kidonge kilichonasa. Hata hivyo alikata vinyama vidogo vya kupima, kwa sababu mtu wa umri wa Mama akishindwa kumeza lazima saratani itafutwe.

Tulingoja siku kumi. Sikushona nguo hata moja sawasawa, niliwahi kushona mkono wa shati kwenye shingo. Majibu yalipokuja yalisema ni uvimbe na vidonda tu, saratani hakuna. Kapsuli zilikuwa zimesimamishwa siku ile ile ya kwanza, mguu ukabadilishiwa dawa nyingine, na Mama alikuwa ameshaanza kunywa supu.

Basi Jumapili iliyopita, siku ya kiapo, nilifika nyumbani na Mama, na picha, na karatasi ya daktari. Boke alikuwa amekaa mlangoni kwake amevaa vizuri, sanduku lake la bati limefungwa kamba. Wazee walikuwa wameshaketi. Sikungoja kupewa nafasi. Nikasimama, nikasema, aliyemuumiza Mama ni mimi. Nikaeleza kapsuli, nikaeleza jagi, nikazungusha picha mkono kwa mkono. Baba mdogo Maroa akasema madaktari wanaweza kukosea. Nikamwambia sawa, basi twende mimi na yeye tukamuulize, kesho, nitakuja kumchukua saa moja asubuhi. Akaanza kutafuta kofia yake.

Mama ndiye aliyemaliza. Akasema kwa Kikuria, kwa ile sauti yake iliyokwaruza, kwamba siku zile zote hakuna aliyekwenda kumkoshea kikombe cha mate ila Boke. Sisi watoto wake tulikuwa tunafanya kikao.

Kiapo kikafutwa. Wazee wakamwomba Boke msamaha mmoja mmoja. Baba mdogo alikuwa wa mwisho na alisema kama mtu anayemeza kapsuli kavu, lakini alisema. Mimi nilipiga magoti. Boke aliniinua akaniambia, wewe ulikosa kwa kumpenda mama yako. Halafu akaenda akaketi juu ya lile sanduku lake. Nilimwuliza mbona halifungui. Akasema anangoja mmoja ambaye hajasikika. Mniko naye ameacha kusoma nyumbani, analala kwa rafiki yake, hajui kama atafanya mtihani akitokea boma gani.

Kwa hivyo nakwambia wazi, na sikuombi. Sitampelekea Boke salamu zako, wala usiniambie nimweleze kuwa ulikuwa na hasira. Mimi sio mdomo wako. Jumapili baada ya kupata barua hii, saa nane mchana, nitakuwa uwanjani nyumbani nikikungoja upige, simu mkononi, imewekwa spika, na wale watu thelathini nimeshawaita, kila mmoja kwa jina.

Jeff anakusalimu. Mama anakusalimu, anasema uvae kofia juani. Mniko sikumwuliza. Mungu akulinde kazini, akupe usingizi mwema na moyo mwepesi.

Mimi dada yako anayekupenda, niliyekosa wa kwanza na kukiri wa kwanza,

Phanice