Nilivyowahesabu Wanangu Bombani

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mvua ilitukuta tukitoka kanisani na ndiyo kwanza imekatika. Mawe yote ya mlimani yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi, na mimi nina furaha na woga kwa pamoja, sijui nianze na kipi.

Daftari langu, pokea salamu. Humu ndani sote wazima, mwenye wasiwasi ni mimi tu kama kawaida. Baba Neema hajambo, yuko nje anaziba pancha ya baiskeli ya mtu. Tangu wapunguzwe kiwandani, chini ya mpapai ndiyo ofisi yake. Neema hajambo, alikuja jana kutoka chuo cha ualimu Butimba na ameshaondoka. Magesa hajambo, yuko zamu kwenye kiwanda cha samaki. Bwire hajambo, ila kachomwa na mwiba wa sangara kwenye unyayo. Nyangeta hajambo, anamsuka Tabu. Tabu naye hajambo, ila analia. Masatu jana alikuwa na homa, leo amekula ugali wa watu wawili, kwa hiyo hajambo. Na Pendo, kitinda mimba wangu, hajambo, amelala na kiatu kimoja.

Nimewataja tu. Sijawahesabu. Na wewe usiwahesabu.

Utaniuliza mbona naanza kama barua. Mimi kuandika nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, na mwalimu wetu alitufundisha barua, basi. Daftari kanipa Neema. Alisema, "Mama, badala ya kutuhofia mchana kutwa, andika." Naandika. Hofu bado ipo, ila sasa ina mistari.

Sasa nikwambie kosa langu.

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya maji pale bombani. Maji yalikuwa yanatoka kama machozi ya mtu asiye na huzuni. Akaja Mama Kulwa na ndoo yake. Mama Kulwa ni jirani yangu, Msukuma, ana mapacha wake, Kulwa wa kiume na Doto wa kike, na wenzake wa Kisukuma humpa heshima kwa ajili hiyo. Wakasema, "Mpisheni mama wa mapacha." Akapita mbele. Ndivyo ilivyo siku zote, na siku zote nilikuwa naona sawa.

Siku hiyo sikuona sawa.

Nadhani ni mambo ya siku hizi. Zamani wote tulipanga foleni moja ya sabuni, wote tukakosa, tukarudi nyumbani tukicheka. Siku hizi maduka yamejaa, kila mtu ana cha kuonyesha. Huyu kanunua televisheni, yule mumewe kaleta pikapu, mwingine mtoto wake yuko Dar. Mimi sikusoma, shamba sina, mume wangu anaziba pancha. Nina nini mimi? Nina watoto. Na wiki ile Magesa alikuwa amepata kazi, Neema anakaribia kuwa mwalimu, kichwa changu kilikuwa kimejaa upepo kama mpira wa baiskeli.

Nikasema kwa sauti, ili hata wa nyuma wasikie, "Aliyelazwa leba mara moja anapita mbele, na mimi niliyekwenda mpaka manesi wakanizoea nisimame nyuma? Hebu nitajie wako, halafu nikutajie wangu!" Nikaanza kuwahesabu kwa vidole. Vidole vya mkono mmoja vikaisha. Nikatua ndoo ili nipate mkono wa pili.

Jamani, nilitua ndoo.

Bibi Mbuke, mkubwa wetu pale bombani, akaniambia, "We Mama Neema, watoto hawahesabiwi kama kuku." Sikumsikiliza. Nilifika mpaka kwa Pendo ndipo nikapumua.

Mama Kulwa aliondoa ndoo yake ikiwa nusu, akaniambia, "Chota, mama wa wengi." Akaenda zake.

Hapa daftari sitakuficha. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono hospitali, siku daktari alipomwambia kwamba baada ya mapacha wale hatazaa tena. Mimi. Nilijua pa kupiga, nikapiga hapo hapo.

Jumatano akaja kuchukua karai lake. Sisi wawili tunakaanga mapanki pamoja, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishapelekwa Ulaya. Karai ni lake, jiko ni langu, mimi nakaanga, yeye anauza, maana ana maneno matamu, mteja haondoki. Alilibeba kichwani bila kuaga. Alhamisi nikakaanga kwenye sufuria ya uji, mapanki yakatoka upande mmoja meusi, upande mmoja mabichi. Nikaenda kuuza mwenyewe. Mteja mmoja akaniuliza, "Leo mnauza samaki au mkaa?" Nikamjibu vibaya, akaondoka na wenzake. Ijumaa sikukaanga.

Basi, jana Jumamosi Neema akaja. Alikuwa na kitabu cha hadithi za Wagiriki wa kale, wanasomeshwa chuoni ili wapate hadithi za kusimulia darasani. Akaniambia kumbe hao ndio Wayunani wa kwenye Biblia, nikakaa vizuri. Mimi nilikuwa nachambua mchele, wadogo zake wamemzunguka.

Akasimulia habari za malkia mmoja aitwaye Niobe. Alikuwa na watoto wengi, wa kiume kwa wa kike, wazuri wote. Siku moja watu walikuwa wanakwenda kumheshimu mama mwingine, Leto, mwenye mapacha wawili tu, mmoja wa kiume, mmoja wa kike.

Mkono wangu ukasimama kwenye ungo.

Niobe akatoka akawaambia watu, huyo ana nini cha kuheshimiwa, wawili tu, nitazameni mimi. Wale mapacha wakasikia mama yao amedharauliwa. Walikuwa na pinde. Wakawapiga mishale watoto wa Niobe mpaka wakaisha, na Niobe akalia, akalia, akageuka jiwe. Na jiwe lile, Neema anasema, bado linatoa maji mpaka leo.

Watoto wakapiga makofi. Mimi nikauliza, "Kitabu hicho nani kakuambia ukilete?"

"Mama, hadithi tu."

"Mapacha hao walikuwa na umri gani?"

Neema akanitazama. Huyu mtoto ananisoma kuliko kitabu. Akacheka, akasema Mungu wetu hapigi watoto wa watu mishale kwa sababu ya mdomo wa mama yao. Nikasema ndiyo, najua. Dakika ile ile Bwire akaingia anachechemea na mwiba mguuni. Kufika jioni Masatu akawa wa moto kama jiko. Nikawaita wote ndani, nikafunga mlango, bado jua lipo. Baba Neema akauliza tunajificha nini. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Ungewahesabu na wajukuu ambao hawajazaliwa," akasema, "mishale ingetosha wapi?"

Leo baada ya chakula nikajilaza kwenye mkeka, mvua inapiga bati. Nikaota nimekuwa jiwe. Siyo jiwe dogo, jiwe la Mwanza, kubwa, nimekaa mlimani nyuma ya nyumba yetu. Maji yananitoka machoni, na wanawake wote wamepanga foleni na ndoo wanachota kwangu. Wanasema maji haya ni mazuri kuliko ya bomba. Wengine wameanika nguo kichwani kwangu. Suruali ya Baba Neema, ile ya mitumba yenye zipu mbovu, imening'inia puani. Halafu akaja Mama Kulwa. Wakampisha kama kawaida. Akasimama mbele yangu na ndoo yake, akaniangalia, hakuchota. Nataka kumwambia chota, dada yangu. Jiwe halina mdomo.

Nikaamka mbuzi ananilamba kisigino.

Sikunawa hata uso. Nikatoka na mvua ile ya mwisho mwisho mpaka kwa Mama Kulwa. Alikuwa barazani anasugua karai kwa mchanga, na halikuwa na uchafu wowote.

"Hodi hapa."

"Karibu," akasema bila kugeuka. "Umekuja kuhesabu? Hapa wako wawili, utamaliza upesi."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yakakimbia. Nikajikuta namsimulia ndoto. Alisugua, alisugua, nikafika kwenye suruali, nikaona mabega yanatikisika. Nilipofika kwenye zipu akaachia karai, akacheka kile kicheko chake cha kuitia wateja, akakalia ndoo.

"Yaani wewe," akasema, "hata ukiwa jiwe lazima watu wakupangie foleni!"

Tukacheka mpaka machozi. Ya kwangu yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia nilijua, na nilisema nikijua, na tangu Jumanne sijala nikashiba.

Akafuta macho kwa kitenge, akasema, "Nimecheka, lakini sijasamehe. Usichanganye."

"Sichanganyi."

"Ulinitukana tukiwa peke yetu?"

"Hapana."

"Basi usiniombe radhi tukiwa peke yetu."

Nikawaza, bombani? Mbele ya Bibi Mbuke na wale wenye midomo? Nikamwambia anipe nafasi nifikirie. Akasema, "Fikiria. Bomba halihami." Akanisindikiza mpaka njiani. Mtu mwenye hasira kamili hasindikizi. Nimelishika hilo kwa mikono yote miwili, ndiyo furaha niliyokwambia mwanzoni.

Na woga ndio huu: wanawake wale watanicheka mwaka mzima. Watanipa jina. Kila nikija na ndoo mmoja atainua kidole, mwingine atainua cha pili. Nawajua, maana angekuwa mwingine mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kuinua kidole.

Nimemuuliza Baba Neema nifanye nini. Hakutania safari hii. Alisema, walipopunguzwa kazi, yeye alidanganya watu wiki mbili kwamba yuko likizo. Kila asubuhi anavaa, anatoka, anakaa ufukweni. Uongo ule ulimchosha kuliko kazi. Siku alipogeuza baiskeli yake juu chini mbele ya watu wote akaanza kuziba pancha, walimcheka mpaka saa sita, kisha wakaanza kuleta baiskeli zao. Miaka yote hii sikujua habari ya ufukweni. Nikamshika bega. Mkono wangu ukapakaa grisi, wala sikuona vibaya.

Kwa hiyo nakwenda.

Kesho alfajiri, kabla Mama Kulwa hajafika, nitakuwa pale. Nimeandika maneno hapa ili yasikimbie tena, na Nyangeta amenisikiliza nikiyasoma mara tatu. Anasema mara ya tatu sikutetemeka sana. Ni haya:

Jamani wenzangu, Jumanne nilimdharau Mama Kulwa mbele yenu. Hakunikosea. Nilitaka kuwa mkubwa nikawa mdogo. Watoto wangu ni zawadi, sikuwatengeneza ili niwapige nao watu. Mama Kulwa, pita mbele, siyo leo tu. Na mimi naomba radhi.

Nikishasema nitatua ndoo na kusubiri. Mama Kulwa, sijui kama utakuja mapema au utachelewa makusudi, na kama nakufahamu, utachelewa makusudi. Njoo. Na ukishanisikia usibebe ndoo ukaenda zako kama siku ile. Nijibu pale pale, upesi, hata kama jibu lenyewe ni tusi.