Mto Ule Unavukika

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi kavu. Jua limetoka tangu asubuhi lakini ni la picha tu, halipashi kitu. Nimeelekeza hita miguuni, chai imepoa mara ya pili na sina hamu ya kuipasha tena.

Nimeudhika. Na safari hii niliyemuudhikia ni mimi mwenyewe, mtu ambaye siwezi kumbloku.

Kwa asiyenijua: mchana natengeneza simu Mayfair, hapa Johannesburg, kwenye kaunta niliyokodi ndani ya duka la Wasomali. Nabadilisha vioo, naweka betri, nasafisha simu zilizoanguka chooni. Nikifunga kaunta nakuja hapa kuchambua magemu kwa Kiswahili. Wanaosoma ni Watanzania wenzangu wa Joburg, Wakongo, Wakenya kidogo, na ndugu zetu wa nyumbani. Nilianza kwa mapenzi tu. Nilikuwa nacheza, nikimaliza naandika, asubuhi naona watu wawili watatu wamecheka, inatosha.

Halafu makampuni yakaanza kunitumia magemu kabla hayajatoka.

Hapo ndipo nilipoharibika, nakiri. Unapewa gemu wenzako hawajaliona. Unaambiwa usiseme neno mpaka siku fulani. Unatembea mjini na siri ya gemu kama vile umebeba siri ya serikali. Mara moja walinitumia fulana ya gemu lililokuwa bado halijatoka. Niliivaa Ijumaa, nikaenda nayo msikitini, na baada ya swala nikakaa mlangoni zaidi ya kawaida yangu nikivaa viatu polepole, ili mtu aniulize. Hakuna aliyeuliza. Nikamwambia mmoja mimi mwenyewe.

Wasomaji wakaanza kuniita Jaji. Nilidhani ni heshima.

Basi kuna huyu dada, Furaha. Mtu wa Bukavu, anakaa Jeppestown, na kazini kwake anatengeneza tovuti za watu kwenye ofisi moja kule Marshalltown. Yeye na mdogo wake wametengeneza gemu lao la kwanza, linaitwa Vuka. Wewe ni mama unayebeba mizigo ya watu kuvusha mpaka, kichwani, kwa miguu. Kuna milima, kuna askari wa kuzungumza nao, na kuna mto. Alinitumia mapema, na ujumbe wa adabu kabisa, akaniomba maoni. Kuna kampuni moja ya mjini ilikuwa inafikiria kulichukua gemu lake na kulisambaza. Kwa mtu kama yeye, mlango wa namna hiyo haufunguki kila mwaka.

Sasa mwanzoni mwa Vuka kuna sehemu ya mafunzo. Shangazi mmoja anakuonyesha namna ya kubeba, namna ya kupumzika, na namna ya kutua mzigo ukaugawa ili uvushe nusu nusu. Mimi sehemu za mafunzo siangalii. Nabonyeza, naruka. Wachambuzi wengi tunaruka, kwa sababu magemu ni mengi na muda ni mdogo, na kwa sababu tunaona aibu kufundishwa. Hiyo ya pili hatuisemi.

Nikafika mtoni na mzigo wote kichwani. Nikaanguka. Nikarudia, nikaanguka. Nikarudia mpaka vidole vikauma. Nikaweka pedi ya kuchezea chini, nikafungua kompyuta, nikaandika kwamba mto wa Vuka hauvukiki, gemu ni bovu, na aliyelitengeneza hajawahi kulicheza.

Hilo la mwisho niliongeza kwa sababu lilikuwa tamu kuandika.

Kijana mmoja akaandika kwenye komenti kwamba mto unavukika, tua mzigo kwanza. Nikafuta komenti yake. Akaandika tena. Nikambloku. Mwingine akaandika kwamba sisi wachambuzi wa magemu tunajiona kama mawaziri, ukitugusa unaambiwa umevunja itifaki. Huyo naye nikamfuta, ila sentensi yake ilibaki kichwani.

Jumamosi ya wiki iliyopita kulikuwa na mkusanyiko wa watengeneza gemu, kwenye ukumbi mmoja Marshalltown. Nilialikwa mbele, kiti cha pembeni ya mwongozaji, kadi shingoni. Mada yenyewe ilikuwa wachambuzi na wasomaji wao. Mwongozaji, Mkenya mmoja mpole, akauliza kama ni kweli watu wanatuona tunajisikia. Nikajibu kwamba wanaosema hivyo ni watu wasiojua ugumu wa kazi. Ukumbi ukaguna.

Ndipo mtu akapendekeza nicheze Vuka kidogo pale kwenye skrini kubwa, watu waone huo mto. Ningeweza kukataa. Nikachukua pedi.

Nikaanguka majini mbele ya ukumbi mzima.

Nikarudia. Watu wa nyuma wakaanza kusema tua mzigo, mzee, tua mzigo. Niliwasikia vizuri. Tatizo ni kwamba sikujua kitufe cha kutua mzigo ni kipi, na kuuliza kitufe mbele ya watu walioniita Jaji niliona ni bora nife. Nikajifanya sisikii. Nikaanguka tena. Vicheko vikawa vya Kiswahili, vya Kizulu, vya kila lugha. Eish, dada mmoja alicheka mpaka akaomba maji.

Ningekuwa na akili ningecheka nao, mambo yakaisha. Lakini nilichukua maiki nikasema nimeanza kucheza magemu kabla wengi wao hawajazaliwa, na gemu linalohitaji kufundishwa ni gemu lililotengenezwa vibaya. Nilisema nikiwa nimesimama. Sijui nilisimama kwa nini.

Furaha alikuwa safu ya tatu. Hakucheka, hakuguna. Mwisho alinifuata mlangoni, akaniomba kwa sauti ya chini nirekebishe lile jambo la mto tu, mengine niyaache kama nilivyoyaandika. Akanieleza habari ya ile kampuni. Nikamwambia mimi sibadilishi uamuzi wangu. Nilitumia neno hilo hilo, uamuzi, kama mtu wa mahakamani.

Nyumbani Zuhura, mke wangu, hakuniuliza kitu. Alikuwa ameshaona video ya pale ukumbini, watu walishaisambaza. Aliniwekea chakula, akakaa, akasema, "Baba Rehema, zamani ulikuwa unakosea kama watu wengine. Siku hizi hukosei. Tunakuchoka." Akaondoka na sahani yake.

Katikati ya wiki nikamwomba binti yangu Rehema akae na mimi tucheze Vuka toka mwanzo. Rehema anakisikia Kiswahili chote lakini ananijibu kwa Kizulu au Kiingereza, na siku hiyo hakunijibu kwa lugha yoyote. Aliniangalia tu nilipopeleka kidole kwenye kitufe cha kuruka mafunzo. Nikakitoa kidole. Nikamsikiliza yule shangazi mpaka mwisho.

Mto nikauvuka. Mara ya kwanza kabisa. Natua, nagawa, navusha, narudi kuchukua iliyobaki. Wala si kazi.

Nikaendelea mpaka mwisho wa gemu. Na hapa lazima niseme ukweli, kwa sababu mtu anayetubu huwa na tabia ya kusifia kupita kiasi. Vuka si gemu la ajabu. Askari wanarudia maneno yale yale, na muziki wa sokoni unachosha. Ningeandika hayo mawili, Furaha asingenilaumu. Lakini mto ni sehemu nzuri kuliko zote. Nilichokilaani ndicho alichokifanyia kazi zaidi.

Sasa nifike kwenye dhambi yenyewe, maana mpaka hapa nilikuwa mjinga tu.

Sisi wachambuzi tukikosea tuna njia yetu. Hatufuti. Tunashuka chini kabisa ya uchambuzi, mahali ambapo msomaji hafiki, tunaweka mstari mmoja kwamba gemu limepata apdeti na tatizo tulilolitaja limerekebishwa. Kila mtu anabaki salama. Gemu limekuwa zuri, na sisi hatukuwahi kukosea. Nimeona wenzangu wakifanya, na mimi nimefanya zaidi ya mara moja.

Alhamisi nikaandika: baada ya apdeti mpya, mto wa Vuka sasa unavukika.

Hakukuwa na apdeti yoyote. Nikanywa maji, nikalala vizuri, na nilijiona muungwana.

Jana Furaha akaja kaunta. Nilikuwa na simu ya mteja wazi mezani, kioo kimetoka. Nilidhani amekuja kushukuru, naapa nilidhani hivyo, na nilishaanza kupanga uso wa mtu anayesema usijali. Akasimama pembeni mpaka mteja akatoka nje kuvuta sigara.

"Papa Rehema," akasema, "nilirekebisha nini?"

Nikamwambia asijali, nimemsaidia, sasa watu watajua mto unavukika.

"Ile kampuni wamesoma. Wananiuliza juu ya nini niliwapa gemu yenye kuharibika, kisha nikaenda kuitengeneza kwa kujificha. Wanataka niwaonyeshe kile nilichotengeneza. Mi sikugusa kitu. Iko vilevile."

"Si uwaambie tu kwamba hukugusa?"

"Nimewaambia. Wamesema mchambuzi ameandika." Akaangalia ile simu iliyofunguliwa mezani. "Mbele nilikuwa mtu asiyejua kazi. Sasa umenifanya mwongo. Bora ungeniacha kwa ile ya kwanza."

Nilitaka kusema kitu kuhusu utaratibu wetu, kwamba ndivyo inavyofanywa, wote tunafanya. Nikasikia jinsi itakavyosikika. Akaniambia kampuni wamemwita Jumatatu, wataamua kama wanaendelea naye au la. Hakuniomba kitu safari hii. Akaniaga kwa heshima, akapita kati ya mashuka na mazulia ya duka, akatoka.

Mwenye duka, ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia na kuuzia tu, akaniuliza kama yule mama amerudisha simu mbovu. Nikasema ndiyo.

Kile kioo nilikifunga vibaya, ikabidi nikifungue tena.

Leo asubuhi nimefanya nililopaswa kulifanya siku ile ya kwanza. Nimefuta ule mstari wa chini. Nimeandika juu kabisa ya uchambuzi, kabla ya neno lolote: gemu halikubadilika, hakukuwa na apdeti, mto ulikuwa unavukika tangu mwanzo, mimi niliruka mafunzo, nikashindwa, halafu nikadanganya kuficha. Nimeandika jina langu kamili. Uchambuzi wa zamani nimeuacha chini yake wote, pamoja na ile sentensi tamu, ili watu waone nilivyosema. Yule kijana wa komenti nimemtoa kwenye bloku na nimemwandikia kwamba alikuwa sahihi. Bado hajajibu, na hana deni la kunijibu. Kampuni nimewatumia maneno hayo hayo kwa barua pepe, na nikawaambia wanipigie wakitaka nithibitishe kwa mdomo.

Iliniuma kuandika neno nikadanganya. Nililiandika, nikalibadilisha likawa nikapotosha, nikalirudisha. Kazi ya kubadili neno moja ilinichukua muda mrefu kuliko uchambuzi wote ule wa kwanza.

Wameshaanza kuja kwenye komenti. Mmoja anasema Jaji amejifunga mwenyewe. Mwingine anasema kumbe hawa watu ndivyo wanavyofanya, na magemu mengine mangapi waliyasingizia. Huyo ana haki. Mimi nayakumbuka mawili, na la tatu sina uhakika nalo. Yale mawili nitayafungua wiki hii. Sifuti komenti ya mtu.

Nilivyomaliza nikamtumia Furaha kiungo. Sikuweka maneno mengi, niliandika tu kwamba nimerekebisha na kampuni nimewapelekea.

Akajibu: "Nimeona."

Basi.

Nikabaki na simu mkononi. Nikaenda kupasha chai, nikarudi nikaangalia. Nikajifanya naangalia saa, nikaangalia tena. Ilinichukua muda kugundua ninachosubiri. Nilikuwa nasubiri sentensi ya pili. Nilitaka aniambie asante, au aniambie si watu wengi wangeweza kuandika vile. Nilimharibia jina, nikamharibia tena nikidai namsaidia, na bado nilitaka anipe alama kwa jinsi nilivyotubu.

Watu wanaosema tunajisikia hawajakosea. Wanakosea kimoja tu, wanadhani ni kadi na fulana ndizo zinazotutia kiburi. Kadi niliivua wiki moja iliyopita, na ugonjwa bado ninao.

Zuhura amepita hapa sasa hivi, akaniuliza naangalia nini kwenye simu kila mara. Nikamwambia nasubiri ujumbe. Akaniuliza wa nani. Nikamwambia ukweli wote, hata hili la kusubiri asante. Hakunicheka. Akasema niweke simu kwenye chaji, chumba kingine.

Nimeiweka.

Kesho Furaha anaingia kwenye ile ofisi, na huenda wakamsikiliza, na huenda nilichelewa. Kazi ngumu ni yake. Yangu ni kukaa kaunta, nibadilishe vioo vya watu, ninyamaze, na sina hakika kama naiweza.