Siku ya Tikiti Haiishi Magharibi

Ansab, nje ya Maskati
Ijumaa, baada ya Sala

Dada yangu Zuwena,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba uinuke ufunge mlango. Barua hii si ya kusomwa uani mbele ya majirani kama zile nyingine. Nimekutilia na karatasi ndogo iliyokunjwa mara mbili. Hiyo ndiyo ya kumsomea mama, ina salamu na khabari za tende. Hii kubwa isome peke yako, kisha uitie motoni. Neno moja likitoka hapo Mombasa likasafiri na mtu likafika huku, mimi sina pa kusimama. Niapie kimoyomoyo, halafu endelea.

Hujambo wewe? Kifua cha mama kimepoa, au bado anakohoa alfajiri? Na mumeo, na mtoto aliyekuwa anaota meno? Mimi mwilini mzima, alhamdulillahi. Nnakula, nnalala kidogo. Ukiona mwandiko wangu umepinda usidhani ni homa, ni khofu tu.

Dada, kuna jambo sikuwahi kukwambia. Nilipofika Maskati mwaka ule tuliotoka Unguja baada ya Mapinduzi, tulikuwa vijana wengi tunaotafuta kazi, na kila mmoja ana cheti chake mfukoni. Bwana Mbarak alikuwa anataka karani wa kusoma na kuandika kwa herufi za kizungu, kwa sababu yeye anajua za Kiarabu tu. Aliishi Wete miaka mingi kwa biashara ya karafuu, na nyumbani kwake husemwa Kiswahili kama kwetu. Aliniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia Unguja. Akaniuliza, "London umefika?" Nikawatazama wenzangu waliokaa foleni nyuma yangu, nikasema, "Nimekaa mwaka mmoja, bwana."

Wewe unajua mwisho wangu wa safari ulikuwa Dar es Salaam, siku tatu, na huko nilitembea kwa miguu. Treni sijapata kuipanda hata moja. Lakini kazi nilipewa, na ruksa ya kukaa ndani ya mji nikapata kwa dhamana yake.

Kwa miaka mitatu uongo ule ulilala. Mwaka huu mwanawe Suleiman, mtoto wa miaka tisa, akazidiwa na maradhi ya moyo. Bwana Mbarak alihangaika miezi kutafuta ruksa ya kumtoa nchini, na ilipopatikana akampeleka London na mama yake, Bi Rayya. Bi Rayya hajui Kiingereza. Amefikia kwa Thuraya, binti wa dada yake, ambaye ni muuguzi, lakini si katika hospitali aliyolazwa mtoto. Nyumba iko upande mmoja wa mji, hospitali upande wa pili, na ofisi ya kuongeza muda wa kukaa iko kati. Hapo ndipo Thuraya alipotuletea kwa posta kijitabu cha tikiti za treni za mji, akauliza: mama mdogo akate ipi?

Bwana Mbarak akaniwekea kijitabu mbele yangu. "Haya, mwenyeji. Mji wako huo."

Nilikaa nacho siku mbili. Sijapata kusoma kitu kwa bidii vile, hata mtihani wa Cambridge. Ilikuwapo tikiti ya safari moja moja. Ilikuwapo ya siku nzima, unapanda na kushuka utakavyo, treni zote za mji. Ilikuwapo nyingine kama hiyo iliyochanganya na mabasi. Na ilikuwapo ya siku nzima iliyo rahisi zaidi, ila haikubaliwi asubuhi kabla ya saa tatu unusu, wakati watu wa kazi wanapobanana. Nikafikiri: Bi Rayya hawezi kusoma vibao vya mabasi, lakini njia za treni zimepakwa rangi kwenye ramani, na rangi hazitaki kusomwa. Na Thuraya hurudi asubuhi kutoka kazi ya usiku, ndipo humsindikiza mpaka kituoni, kwa hiyo kabla ya saa tatu unusu hatoki. Basi nikachagua ile rahisi, ya treni tupu. Mpaka leo naona nilichagua vizuri.

Bwana Mbarak hakuamini. "Karatasi moja, na mtu anazunguka mji mzima kutwa?"

"Ndiyo, bwana."

"Hapana anayemuuliza anakwenda kwa nani?"

"Hapana. Anamwonesha askari wa kituo tu, basi."

"Mji huo hauna mwenyewe!" akacheka. "Sisi hapa kwenda Matrah tu na kurudi, uangalie jua, uangalie mlango, ubebe taa. Na siku yao hiyo inakwisha lini?"

Kijitabu kilisema tikiti inatumika siku iliyonunuliwa. Hakikusema zaidi. Ningesema, "Sijui, tumuulize Thuraya." Maneno hayo yalikuwa mdomoni. Lakini mtu aliyekaa mwaka mzima London hawezi kutojua siku inakwisha lini. Na kwetu sisi siku inakwisha lini, dada? Maalimu alitufundisha tukiwa wadogo: jua likizama, kesho imeingia, usiku wa leo ni wa siku ya kesho. Na hapa Maskati mlango wa mji unafungwa kwa hesabu ya Magharibi. Nikajibu bila kupepesa, "Magharibi, bwana. Jua likishazama tikiti imekufa, na akikutwa nayo ndani ya treni atakamatwa."

Akaniamuru niyaandike kwa herufi za Kiarabu, akatia jina lake chini, ikapelekwa.

Sikujua, Zuwena, na ningelijuaje, kwamba huko wakati wa baridi jua linazama saa kumi, wakati sisi tunatoka kusali Alasiri.

Wiki kadhaa zikapita. Bi Rayya akawa ananishukuru katika kila barua. "Msalimie karani, mwambie nnafuata maneno yake, sijapata kukutwa njiani na usiku." Bwana Mbarak akinisomea, akinigonga begani. Mimi nikifurahi.

Jumanne ya wiki iliyopita ikaja barua ya Thuraya. Yeye amesoma Nairobi, huandika Kiswahili kwa herufi za kizungu, kwa hiyo mimi ndiye nnayemsomea bwana. Nikaifungua mbele yake, nikaanza kusoma kwa sauti. Khabari za madaktari, khabari za baridi. Kisha macho yangu yakatangulia mbele ya ulimi wangu, nikaona haya, ambayo nimeyahifadhi kama sura:

"Baba mdogo, tafadhali mwandikie mama mdogo. Kila siku anatoka hospitali saa kumi anasema tikiti yake imekufa. Nimemwambia treni zinakwenda mpaka karibu na usiku wa manane na tikiti ni ile ile. Ananambia, mume wangu ameandika, na karani wake kaujua mji huu kabla yako. Mama wengine wanakaa na watoto wao mpaka saa mbili za usiku. Suleiman akimwona anavaa koti analia, wauguzi humshika. Atapasuliwa Jumatatu ijayo asubuhi, na daktari kasema ataamka jioni."

Ulimi wangu ulifika kwenye baridi, ukaruka, ukatua kwenye "Atapasuliwa Jumatatu ijayo asubuhi". Yote ya katikati nikayaacha. Bwana Mbarak akanyanyua mikono akaomba dua. Nami nikasema amina.

Usinihukumu bado. Nilijiambia nitatengeneza mwenyewe. Nikafikiri kumwandikia Thuraya, lakini barua isingefika kabla ya Jumatatu. Nikaenda ofisi ya simu za maandishi. Simu haipokelewi kutoka kwangu ila kwa muhuri wa bwana, na muhuri anao kwenye kamba shingoni. Nikarudi, nikakaa mezani. Jumatano ikapita. Kila ikiingia Alasiri nilikuwa nikimwona Bi Rayya anasimama, anavaa koti. Sijui koti lake lina rangi gani, lakini nililiona.

Alkhamisi alikuja ofisini mzee mmoja wa Matrah, muuza tende, rafiki wa bwana. Bwana Mbarak akaagiza kahawa, na mazungumzo yakafika London. "Huyu kijana," akamwambia, "kamlinda mke wangu kuliko ndugu. Pale mji wa watu hata usiku hawaujui, lakini Rayya kila Magharibi yuko ndani."

Mzee akafurahi. "Basi Mungu kanileta. Binti yangu anasafiri na mumewe mgonjwa. Mwandikie na yeye karatasi kama ile ile, mwanangu, usipunguze neno."

Bwana akanisogezea kalamu. "Andika."

Nilishika kalamu. Niliandika Bismillahi, mkono ukasimama. Nikasema, "Siwezi."

"Unaumwa, Nassor?"

"Yale si kweli, bwana. Siku yao haiishi Magharibi. Tikiti ni mpaka treni ya mwisho usiku. Mimi sikupata kufika London. Na barua ya Thuraya ya juzi ilikuwa na maneno haya, nikayaruka." Nikaitoa mfukoni, nikaisoma yote, mara hii pole pole, mpaka pale pa wauguzi kumshika mtoto.

Mzee wa tende akaweka kikombe chini, akaaga, akatoka. Bwana Mbarak hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliuliza, "Magharibi ya huko ni saa ngapi sasa?"

"Saa kumi, bwana."

"Alasiri."

"Ndiyo."

"Na wenziwe wanakaa mpaka saa mbili."

"Ndiyo, bwana."

Akahesabu kwenye vidole, saa kumi, kumi na moja, kumi na mbili, moja, mbili. Kisha akavua muhuri shingoni. "Andika simu. Kaa na mwanao mpaka wakutoe. Tikiti ni mpaka usiku."

Nikaandika. Nikauliza, "Niseme karani alikosea?"

"Andika, mumeo alikosea." Nikamtazama. "Rayya hakukufuata wewe," akasema. "Hajui hata sura yako. Kanifuata mimi."

Nikaipeleka mbio mwenyewe, nikarudi na risiti. Alikuwa bado amekaa pale pale. Akanambia, "London ulinidanganya kwa ajili ya tumbo, na tumbo nalijua, hata mimi nilifika Wete sina viatu. Hilo ningekusamehe. Lakini khabari ya mwanangu uliishika mkononi ukaniruka. Nikuweke tena hapa, nitajuaje unachonisomea?" Akaomba funguo. Nikampa.

Kesho yake, Ijumaa, nilitoka mjini nikaja huku Ansab kwa ami yetu Khamis, binamu wa marehemu baba. Hapana aliyenifukuza, lakini sikuona sababu ya kungoja. Nnamsaidia kwenye mitende na zamu ya maji ya falaji, mfereji wao wa kumwagilia, mikono imepasuka. Jumatatu sikula. Nilisali Alasiri, nikakaa kwenye mkeka mpaka Isha, na ami akadhani nimeingia uchaji.

Jumatano, yaani juzi, akaja mtu na punda wa pili. Bwana Mbarak ananiita. Nilidhani ni dhamana, nikafunga nguo zangu. Nilipofika hakunikaribisha ndani. Alitoka kizingitini na bahasha ya simu haijafunguliwa. Imeletwa asubuhi, na ofisini hamna mwingine wa kuisoma. Karani wa ofisi ya simu angemsomea, lakini bwana hakutaka.

"Soma," akasema. "Yote."

Nilisoma yote. Nilisoma jina la ofisi, na saa iliyopigwa, na namba zisizo na maana, na jina lake, na mji. Kisha nikasoma: "Suleiman kaamka saa moja usiku. Kaomba maji. Mimi nilikuwapo. Rayya."

Akaniambia nirudie, nikarudia, na namba zile pia. Macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye karatasi, na najua kwake ile ni mistari tu. Akaichukua, akaikunja. "Umesoma yote?"

"Yote, bwana."

"Haya. Nenda zako."

Nikaenda zangu. Mtu wa punda alinirudisha Ansab.

Sasa hali yangu ndiyo hiyo. Mtoto yuko hai, na usiku ule mama yake alikuwapo. Jioni zilizopita kabla yake hazirudi, na mimi ndiye niliyezila. Dhamana hajaifuta, wala hajasema hataifuta. Karatasi yangu ina uhai mpaka mwisho wa mwezi. Asipotia jina lake tena, nitapandishwa chombo cha kwanza, na sijui cha kwenda wapi, maana Unguja siwezi kurudi. Kila nikisikia kwato za punda njiani natoka nje kutazama.

Mpe mama mkono wangu, na umwambie nimebadilisha kazi kwa ajili ya hewa ya shamba. Msalimie shemeji yangu, mumeo, lakini usimwoneshe hii. Yeye ni mwema ila ana marafiki wengi. Mbusu mtoto wa meno. Msalimie na shangazi aliyeuza bangili yake nipate nauli, mwambie sijamsahau.

Usiandike tena kwa anwani ya ofisi ya Bwana Mbarak, hata salamu. Bahasha iandike kwa herufi za Kiarabu, mwombe maalimu, kwa jina la ami Khamis na si langu. Iende Matrah kwa fundi mshona kanzu aliye mlango wa tatu kutoka soko la samaki. Yeye huwapa watu wa punda wanaokuja Ansab kila Jumatatu. Juu yake usiandike imetoka wapi. Ukiona mwezi wa pili umeingia hujapata jibu, usilete barua nyingine huku. Nenda bandarini hapo Mombasa, ulizia kila chombo kitokacho Dubai, maana wanaotolewa huku hushushwa huko kwanza, kama kina abiria anayeitwa Nassor, kijana mwembamba, hana mzigo.