Nimemsema Ildefonce mbele ya mama yake

Kindness, nimeharibu.

Tulikuwa uwanjani Rau, kwenye mechi ya besiboli. Wanaume wakawa wanabishana kuhusu Ildefonce, kaka yake Jovin wangu, kwamba miaka kumi na tano hakosi kuupiga mpira. Mimi, nisiyeongea popote, nikasema, "Anaugusa tu, hauendi mbali. Anasifiwa bure."

Anasifiwa bure. Mimi nimesema hivyo, Kindness.

Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka. "Na wewe ni nani, mwanangu?" Nikajibu ni mchumba wa Jovin. Akasema, "Basi mimi ndiye niliyewazaa wote wawili."

Jumamosi wanaleta posa kwetu.

Nimechuma jani la isale la kuombea msamaha, nimesimama getini kwa huyo mama. Njoo. Nitaombaje msamaha, na moyoni bado naona nilisema kweli?