Upande wa Shalom

Jumanne, 21 Januari 2025

Mashine ya Shalom, laptop yake, inadai neno la siri, nami sina. Aliiacha hapa nyumbani Ruashi baada ya Noeli, akiogopa kuibiwa njiani. Nimempigia simu Goma, anakosoma. Amekataa kunipa! Mtoto niliyemsomesha tangu maternelle hadi chuo kikuu.

"Papa, utaaribisha bintu yangu ya mémoire ya kumaliza université," anasema. "Ita Liévin akuwekee système ya pili pembeni. Ya kwangu musiiguse."

Mbambu, mama yake, akaninyang'anya simu kuuliza kama anakula. Nilitaka tu kuandika proforma, karatasi ya bei, kwa mteja wa sabuni.

Alhamisi, 23 Januari

Liévin, fundi wetu wa kompyuta, amemaliza jioni. Courant ya umeme ilikatika, tukaunganisha kwenye groupe, jenereta ya jirani, groupe nayo ikaisha mafuta. Hatimaye ikawezekana. Kulikuwa na sehemu tupu ambayo Shalom hakuitumia, Ubuntu, système yangu, imekaa humo. Sasa ukiwasha, mashine inauliza kwanza: Ubuntu, au Windows ya Shalom? Usipojibu, inajichagulia yenyewe. Kwangu hata wafanyakazi wa dépôt, ghala langu la sabuni, hawathubutu.

"Papa Shalom, sasa uko na deuxième bureau mu machine!" Liévin kacheka peke yake. Mbambu hapendi utani wa wanawake wa pembeni. Alimwekea bukari, ugali wetu, bila nyama.

Upande wangu hauna picha ya mtu. Upande wa Shalom unaonyesha jina lake na uso wake katika kiduara, shati la kijani, mdomo nusu wazi — alikuwa anabishana na mtu. Na saa ya upande wake imerudi nyuma. Liévin anasema hizo système mbili hazisikilizani juu ya saa. Atarekebisha siku nyingine.

Jumatatu, 27 Januari

Goma imeanguka mikononi mwa waasi. Radio inasema hivyo, kisha inasema sivyo, kisha muziki.

Nimepiga. Haipatikani. Nimepiga. Haipatikani.

Dépôt nilifungua. Sijui nimeuza nini.

Jumapili, 9 Februari

Bado hakuna habari.

Mbambu ana desturi mpya. Asubuhi, kabla ya chai, anafungua mashine, anachagua Windows, uso wa Shalom unatokea. Anakaa hapo. Zaidi ya hapo hawezi kuingia. Kisha anafunika kifuniko taratibu na kwenda kuwasha mbabula ya makaa. Nimemwambia anamaliza courant bure.

"We uko na upande yako," kasema. "Uniachie ya kwangu."

Jemima, mdogo wake Shalom, alianza kubahatisha neno la siri: timu yake, tarehe ya kuzaliwa. Nimemkataza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mwenyewe alisema tusiguse.

Leo asubuhi, wakiwa misa, niliufungua mimi. Nilikaa muda mrefu. Namwogopea mtoto wangu. Nilifunika kama anavyofunika Mbambu, asijue.

Jumatano, 26 Februari

Vital amekuja, président wa mutuelle, chama chetu cha kusaidiana sisi watu wa Butembo. Amevaa koti. Vital havai koti bure.

Kuna mchuuzi amefika kutoka Goma. Anasema nyumba aliyopanga Shalom iliangukiwa na bombe. Majirani walizika haraka, bila kuuliza majina. Nimeuliza: kuna aliyemwona Shalom amekufa? Hakuna.

"Lakini hakuna mwenye alimuona anatoka, Papa Shalom," akasema Vital, akakunja kofia yake.

Mbambu aliendelea kuchambua maharagwe. Yale mabovu na mazuri, yote sahani moja.

Jumatatu, 10 Machi

Mama anayeuza mkate kwenye kona ameniita Papa Jemima.

Miaka ishirini na moja naitwa Papa Shalom. Hakukosea. Alikuwa anatazama mikate yake.

Nimelipa, nimechukua mkate. Nyumbani nimegombana na watu wote juu ya chumvi.

Jumamosi, 15 Machi

Mutuelle imeamua: matanga, Ijumaa ijayo. Bila mwili. Vital anasema mtu hawezi kubaki hewani, hata sisi hatuwezi. Sikukubali, sikukataa. Nilisema "ehe", wakaandika kwamba nimekubali.

Sasa wanataka picha ya kuchapa kwenye mipira, zile fulana za kuvaa matangani. Kwenye simu zetu Shalom yuko mdogo, au amegeuka — yeye ndiye alikuwa anapiga wengine picha. Vital aliipiga picha ile ya kwenye mashine kwa simu yake. Ni ndogo, imetoka na mistari, kama mtoto yuko nyuma ya grille ya dirisha. Haifai.

Nikamwita Liévin. Kumbe kutoka upande wangu mtu anaweza kuingia upande wa Shalom na kutoa picha, bila neno la siri! Wiki zote hizi. Nikamwambia aitoe.

Amejaribu. Mashine imekataa, imeandika maneno mengi. Amesoma, akakuna shingo.

"Papa, Shalom hakuizima hii. Aliilalisha tu. Na Mama kila siku anaifunika, inalala tena. Bintu yake yote iko wazi vile aliiacha, inangoja akuye aendelee."

"Na picha?"

"Naweza kuilazimisha. Foto itatoka. Lakini yote yenye ilikuwa wazi itapotea."

Mbambu alikuwa mlangoni, unga mikononi. Hatukumsikia akija.

"Rudilia," akamwambia Liévin.

Liévin akarudia.

"Tena."

Akarudia tena, polepole, macho chini. Mbambu akapangusa mikono kwenye kitenge. Akavuta kiti, akakaa kati ya Liévin na mashine. Hakulia. Mimi ndiye nilishindwa, nikajifanya natafuta miwani.

Vital yuko salon, sebuleni, na wazee wawili. "Papa Shalom, iyo foto iko wapi? Bantu ba imprimerie, ba kuchapa mipira, batafunga midi, saa sita!"

Liévin hamtazami Vital, ananitazama mimi. "Nilazimishe?"

Nimemwambia angoje, naandika kitu. Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati. Vital anaita tena, sasa viti vinasogezwa, wanainuka. Liévin anangoja. Mbambu haangalii mtu. Ni mimi wa kusema.

Namwambia Liévin aiache ilale. Naenda kufunga mlango wa salon. Kwa ufunguo.